Nimehangaika na fangasi za mapajani miezi saba kumbe tyubu niliyokuwa napaka ndo ilikuwa inazilea. Watu wa Mbeya, Iringa, Njombe pitieni hapa

#1 Viazi Mviringo
Wakuu kamwene, ndaga, poleni na baridi. Mi ni mtu wa Uyole, nalima viazi kule juu upande wa Isyonje, kwa hiyo kuanzia alfajiri mpaka saa tisa mi na gambuti na soksi za nailoni, jioni nikishuka mjini ni raba za mtumba nilizookota soko la Sido. Uzi huu nimeusitasitia sana maana sehemu yenyewe ni ya aibu, ila nimeanza kuchokonoa washkaji mmoja mmoja nagundua tunajikuna wengi kimya kimya.

Ilianza mguuni, kidole cha mwisho na mwenzake, pale katikati ngozi ikawa nyeupe imelegea kama ya mtu aliyeshinda anafua, inawasha, ukiibandua inanuka. Sikujali. Baba yangu alikuwa nayo maisha yake yote akipaka mafuta ya taa, nikaona ni urithi. Kama mwezi hivi baadaye muwasho ukahamia mapajani, huku juu kabisa, mnanielewa. Kiduara kidogo, ukingo umeinuka una vipele vidogo vidogo, katikati pameanza kupona peke yake. Usiku ndo balaa, blanketi likishapata joto tu najikuna mpaka mama watoto anawasha taa.

Nikaenda duka la dawa. Pale dirishani kuna wamama watatu wamesimama nyuma yangu, sasa we niambie nitajieleza vipi, nikanong'ona tu "dada naomba dawa ya fangasi," akanipa tyubu, hakuuliza iko wapi, hakuuliza tangu lini. Siku ya pili muwasho kimya! Siku ya tano nikaacha kupaka nikajua yameisha. Wiki mbili hazijapita umerudi, tena mkubwa zaidi. Nikanunua nyingine. Ikatulia. Nikaacha. Ikarudi na ndugu zake. Nilimaliza tyubu sita wakuu, na kila raundi ule mduara unapoteza sura, ukingo hauonekani tena, limebaki baka jeusi lisiloeleweka limeshuka paja zima limezunguka mpaka makalioni, halafu nikaanza kuona michirizi kama ya tumbo la mama aliyezaa.

Hapo ndo nikaogopa nikaenda kwa daktari wa ngozi. Mzee mmoja mtaratibu sana, alisomea pale hospitali ya KCMC Moshi kwenye kile chuo cha ngozi kilichoanza 1992. Akaangalia haraka haraka akaniuliza "tyubu yako unayo hapo?" Nilikuwa nayo mfukoni. Akaniambia haya soma nyuma. Sijawahi kusoma nyuma ya tyubu tangu nizaliwe. Mle ndani kuna dawa tatu, moja ya fangasi, moja ya bakteria, ya tatu inaitwa klobetasoli. Hiyo ya tatu ni steroidi, na kwenye steroidi za kupaka ni ya kundi kali kuliko yote. Akanieleza kwamba ule muwasho ni mwili unapambana na mgeni, sasa steroidi inaulaza mwili, muwasho unakatika ila fangasi yupo pale pale anakula bila kubughudhiwa. Maneno yake ni haya: "umemnyamazisha mbwa ukadhani mwizi kaondoka."

Akanikwangua kidogo pembeni ya baka, ule unga akauweka kwenye kioo na tone la dawa, akaniita nichungulie kwenye darubini. Vinyuzi nyuzi kama mizizi ya mchicha. Nikapewa krimu ya fangasi tupu, haina mchanganyiko, na vidonge vya kuua fangasi vinaitwa terbinafini. Na akanikaripia kuhusu miguu, kwamba mapajani ni tawi tu, shina liko kwenye gambuti, maana kila asubuhi navaa chupi inapitia kwenye vidole vyenye fangasi inapanda nao juu. Dawa yake: vaa soksi kwanza ndo uvae chupi.

Sasa hivi ni wiki ya tano, pamekauka, silali najikuna. Michirizi ameniambia haitoki, itafifia tu. Hiyo ndo inaniuma, kwa sababu fangasi haikuniachia alama, dawa ndo imeniachia.

Swali langu: kucha ya dole gumba imekuwa ya njano na nene, kwa chini kuna unga unga. Hii nayo naishughulikiaje?

#2 Bodaboda Ilomba
Siti ya mbele. Soksi kabla ya chupi 😂😂 mkuu nimejiangalia mwenyewe nikiwa hivyo kwenye kioo nimecheka peke yangu.

#3 Mkinga Orijino
Mnapoteza hela kwa madaktari. Makete huko kwetu hata mdudu hakai kwa baridi lakini fangasi za miguu zipo kama zote kwa sababu viatu havikauki mwezi wa sita wote, na babu yangu alikuwa anapaka maji ya betri mara moja tu, inachoma kidogo, inabanduka, kwisha habari.

#4 Viazi Mviringo
Mkinga "inachoma kidogo" ndugu yangu hiyo ni asidi!! Mguuni labda, hebu nishauri niipeleke huku niliko mimi.

#5 Nesi wa Zamu
Jamani msifanye. Nimepokea mgonjwa aliyejipaka maji ya betri katikati ya vidole, ana kisukari na hakuwa anajua, mguu unakufa ganzi hausikii maumivu, akaja ngozi imeungua mpaka nyama. Ni kweli fangasi inabanduka, maana ngozi yenyewe imebanduka! Hawa fangasi wanaishi kwenye ile ngozi ya juu iliyokufa, wanakula keratini, ile protini inayojenga ngozi ya juu, nywele na kucha, ndo maana wanapenda ngozi, nywele na kucha tu, hawaingii kwenye damu kwa mtu wa kawaida. Ukiichoma ngozi unafungua mlango kwa bakteria, na mlango wa bakteria ndo hatari yenyewe, kuna watu mguu unavimba wote unakuwa wa moto na homa juu kisa kampasuko kadogo katikati ya vidole ambako hawakukatibu. Na kwenye ngozi zetu msisubiri muone wekundu, utaona tu pameiva rangi ya zambarau au weusi unaong'aa, shika usikie joto.

Mleta mada umesema jambo ambalo tunalipigia kelele kila siku wodini. Ila naongezea, hata krimu nzuri watu wanaikosea. Klotrimazoli ya kawaida, ile ya bei ndogo, inatibu vizuri tu, lakini unapaka mara mbili kwa siku, unapaka kuvuka ukingo kama sentimita mbili maana yule fangasi yuko mbele ya mduara unaouona, na ukishaona pamepona unaendelea wiki moja mpaka mbili tena. Jumla inafika wiki nne huko miguuni. Hakuna mtu anafanya hivyo. Siku ya tano muwasho umeisha tyubu inatupwa darini.

#6 Mnyalu Mzalendo
Naomba kutofautiana kidogo. Hiyo tyubu ya dawa tatu mimi imenitibu na sijapata michirizi wala nini, mtu mwingine anaharibikiwa kwa kuitumia vibaya anakuja kulaumu dawa. Huku kijijini kwetu duka la dawa lina hiyo tu, sasa tupake nini, ugali?

#7 Nesi wa Zamu
Mnyalu hapo kwenye "lina hiyo tu" nakuelewa kabisa, na sikulaumu. Wengine wanapona kweli kwa sababu ndani kuna dawa ya fangasi na waliipaka muda mfupi kwenye mkono au mgongoni. Ila mapajani, kwapani na usoni ngozi ni laini, inanyonya steroidi nyingi, na pale mapajani pamebanana ni kama umefunga plasta juu. Ukipona una bahati. Muulize muuzaji kama ana klotrimazoli au mikonazoli tupu, mara nyingi ipo kwenye shelfu la chini ila haimpi mteja raha ya siku ya pili kwa hiyo haiulizwi.

#8 Famasi Njia Panda
Niunge mkono kama mtu wa dirishani. Ukweli mchungu, mteja akisema "fangasi" na nyuma yake kuna foleni, muuzaji anatoa kile ambacho mteja atarudi kusifia. Mi nilikuwa nafanya hivyo hivyo zamani, sijifichi.

Kuna kitu kimetokea India hakijasemwa sana huku kwetu. Kule hizi krimu za mchanganyiko zinauzwa kama njugu, na imezuka fangasi mpya wa ngozi ambaye mwaka 2020 alipewa jina Trichophyton indotineae, anatanda mwili mzima na wengi wao hawaisikii terbinafini, ambayo ndo silaha yetu kuu. Wataalamu wengi wanazitupia lawama hizo krimu. Ameshaonekana na nchi nyingine kibao.

Kuhusu kucha ya mkuu, usinunue vidonge kwanza. Kucha nene ya njano sio lazima iwe fangasi, karibu nusu ya kucha zilizoharibika ni mambo mengine, kiatu kinabana, umepigwa na jembe, ugonjwa wa ngozi wa soriasisi, uzee. Kakwanguliwe ule unga wa chini ukapimwe kama ulivyopimwa paja, ni kipimo cha bei rahisi. Kikionyesha fangasi ndo tuongee.

#9 Mama Tumpe
Habari zenu wanangu. Mimi sina fangasi ya kwapani wala mapajani ila nina kisa cha mapunye. Mjukuu wangu yuko darasa la tatu, bweni, alirudi likizo kichwa kina mabaka matatu ya duara, nywele zimekatika kama zimetafunwa, unga mweupe. Nikasema mapunye haya, sisi wote tulikua nayo, nikampaka kitunguu swaumu na majivu. Mama yake akanunua krimu. Mwezi mzima tunapaka. Halafu baka moja likavimba likawa kama jipu, laini, linatoa usaha kwenye matundu mengi mengi, mtoto ana homa na tezi za shingoni zimetoka. Kituo kimoja cha afya wakalipasua, wakampa dawa za vijiko za jipu, siku saba. Hakikutoka kitu cha maana, kidonda kikabaki na kichwa kikazidi kuvimba!

Tukampeleka hospitali kubwa, daktari binti mdogo tu, akaniambia bibi hili sio jipu, hii ni fangasi ile ile ya mapunye, mwili umeichukia mpaka umevimba hivi. Halipasuliwi. Akaandika vidonge vya griseofulvini kwa uzito wa mtoto, wiki nane, akasema ameze na maziwa au chakula chenye mafuta ndo dawa inaingia mwilini. Kwetu Tukuyu maziwa sio shida. Kichwa kimepona ila pale palipopasuliwa pamebaki kipara kinang'aa, ukubwa wa shilingi mia. Ni mtoto wa kike.

#10 Viazi Mviringo
Shikamoo mama. Pole sana aisee. Hivi kwa nini krimu haikusaidia hata kidogo wakati ni fangasi hao hao?

#11 Famasi Njia Panda
Shikamoo Mama Tumpe, pole. Mkuu, kichwani fangasi haishi juu ya ngozi, inaingia kwenye unywele wenyewe mpaka chini kwenye tundu unakoota, aina tuliyo nayo sana Afrika Mashariki inajaza mbegu zake ndani ya unywele mpaka unakatikia pale pale kwenye ngozi, unaona kidoti cheusi. Krimu haifiki huko. Ndo maana mapunye ni vidonge, hakuna njia ya mkato, shampuu ya ketokonazoli au seleniamu mara mbili kwa wiki inapunguza tu mbegu zisiruke kwa wadogo zake. Na ndugu wote waliolala kitanda kimoja wachunguzwe, wengine wanabeba mbegu kichwani hawana baka hata moja. Shule nazo wasimfukuze mtoto, akishaanza vidonge na shampuu arudi darasani.

Na kichekesho chake, griseofulvini yenyewe imetoka kwa kuvu. 1939 Waingereza waliipata kwenye ukungu wa jamii ya penisilini, ikakaa hivyo karibu miaka 20 ndo ikaja kuwa kidonge cha watu. Kuvu anamuua kuvu mwenzake.

#12 Kinyozi wa Kabwe
Najua mnakoelekea, sasa hivi mtasema vinyozi 😅 Acha nijisemee kabla sijasemewa. Ni kweli mashine inaambukiza, mtoto wa mapunye akinyolewa, vinywele vyake vinabaki kwenye meno ya mashine, anayefuata anachukua. Tatizo la wengi ni kupitisha spiriti juu juu na kiberiti basi. Ukiwa na nywele zimenasa mle spiriti haifanyi kazi, unatakiwa usugue kwanza na brashi meno yabaki matupu, ndo ulowanishe spiriti uache ikae. Na kile kisanduku cha taa ya bluu mnachokipenda, wateja wanakiona wanasema huyu kinyozi msafi, kile ni pambo ndugu zangu, mwanga unapiga juu tu, chini ya nywele na upande wa pili haufiki. Mimi ninacho, nakiri, kwa sababu bila hicho mteja anaenda kwa jirani.

Siku hizi wateja wangu kama watano wana mashine zao, wanakuja nazo mfukoni. Nawanyoa bei ile ile.

#13 Bodaboda Ilomba
Kinyozi leo umevua nguo hadharani, kesho nakuja na mashine yangu na punguzo.

#14 Kinyozi wa Kabwe
Punguzo kaombe petroli.

#15 Mpunga Kyela
Huku bondeni joto la ziwa, hatuna shida ya gambuti maana tunashinda pekupeku kwenye majaruba, vidole vinaliwa na maji, tunaita hivyo tu "kuliwa na maji." Ila mi swali langu ni utangotango. Kifuani na mgongoni na shingoni madoa meupe kama ramani, yana unga ukiyakwaruza, hayawashi sana, yanazidi msimu wa joto. Nimemeza griseofulvini mwezi, hola. Na kuna mtu kanitisha eti ni dalili ya ukimwi.

#16 Nesi wa Zamu
Mpunga, dawa uliyomeza ni ya fangasi wa ukoo mwingine kabisa, utangotango ni fangasi wa jamii ya hamira, mdudu anayeishi kwenye mafuta ya ngozi ya kila mtu, hata mimi ninaye sasa hivi. Joto na jasho vikizidi anachanua. Kwa hiyo hujaambukizwa na mtu na humwambukizi mkeo. Griseofulvini haimgusi, terbinafini ya kumeza nayo haimfai. Chukua shampuu ya ketokonazoli, jipake mwili kuanzia shingo mpaka kiunoni, kaa nayo dakika tano ndo uoge, fanya siku tano. Halafu sikiliza hapa maana ndo watu wanapokosea: ule unga utaisha lakini doa jeupe litabaki miezi, kwa sababu rangi ya ngozi inarudi polepole. Doa likiwa jeupe ila laini bila unga, umeshapona, usirudie dawa. Na kwa kuwa unaishi Kyela jiandae litarudi msimu ujao, wengine wanajipaka shampuu mara moja kwa mwezi wakati wa joto.

La ukimwi, hapana, utangotango na fangasi za vidole wanazo watu wazima wa afya. Ila tusidanganyane pia, mikoa yetu hii ndo inaongoza, Njombe ilikuwa asilimia 12.7 kwenye utafiti wa kitaifa wa 2022/2023, kwa hiyo kuna fangasi ambazo nikiziona naomba mtu apime: utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima, fangasi iliyotanda mwili mzima haisikii dawa sahihi, na kucha inayoanza kuwa nyeupe kutoka chini kwenye shina badala ya kuanzia nchani. Upimaji ni bure na ni dakika chache.

#17 Mpunga Kyela
Ndaga fijo dada, umenishusha presha. Nitaleta mrejesho.

#18 Dada Kihesa
Naongea kwa niaba ya wadada. Yaliyompata mleta mada mapajani mimi yalinipata usoni. Nilikuwa natumia mkorogo, nisihukumiwe, karibu mwaka, losheni ya kuchanganyiwa dukani. Likatokea baka shavuni, nikaongeza mkorogo likapungua, nikiacha siku mbili uso unawaka moto. Likatambaa mpaka sikioni. Watu wananiambia mzio, wengine eti nimerogwa. Kumbe ndani ya hizo losheni wanaweka klobetasoli hiyo hiyo, yani nilikuwa namwagilia fangasi bustani kila asubuhi na jioni. Daktari alinisimamisha kila kitu, sabuni ya kawaida na krimu ya fangasi basi, na wiki tatu za kwanza nilikuwa natisha, uso umevimba una vipele, muwasho mara kumi ya mwanzo. Alikuwa ameshanionya kwamba ukiondoa steroidi ngozi italia. Bila kuonywa ningerudi kwenye mkorogo siku ya nne.

#19 Viazi Mviringo
Dada Kihesa hiyo ya ngozi kulia hata mimi ilinikuta, wiki ya kwanza baada ya kuacha ile tyubu nilitaka nirudi kwa daktari nimtukane.

#20 Mfugaji Rungwe
Nimesoma yote. Hamjagusa ng'ombe. Mimi nina ndama wa maziwa wanne wa ndani, wakati wa mvua na hapa kwetu mvua haina likizo, wanatoka magamba ya kijivu kuzunguka macho na shingoni kama simenti iliyokauka. Nikawa nawashika wakati wa kuwanywesha, nikapata mduara kwenye mkono, kwa ndani hapa karibu na kiwiko, umevimba una usaha kidogo. Mtaalamu wa mifugo akaniambia ni ugonjwa mmoja, wa kwangu na wa ndama. Fangasi za wanyama zikimpata mtu zinakuwa na hasira kuliko za binadamu, zinavimba, ila zinaondoka haraka zaidi ukitibu. Paka nao wanazo, hasa hao vipaka vidogo vya kuokota ambavyo watoto wanalala navyo.

#21 Mama Tumpe
Mfugaji umenikumbusha, nyumbani kuna paka na huyo mtoto hamwachi. Kesho namwangalia.

#22 Famasi Njia Panda
Narudi kwenye kucha maana mkuu kaniandikia kando kuwa kipimo kimetoka, ni fangasi kweli. Hapa sasa ni uvumilivu. Kucha ya dole gumba la mguu inaota kama milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo kucha nzima kubadilika ni mwaka mpaka mwaka na nusu. Terbinafini miligramu 250 kila siku, wiki 12 kwa kucha za miguu, wiki 6 kwa za mikono. Ukimaliza wiki 12 kucha itakuwa bado mbaya!! Usiseme dawa feki. Angalia kule chini inakochomozea, ukiona kucha safi inasukuma mbaya kwenda mbele umeshinda, iliyobaki unasubiri uikate. Kabla ya kuanza upimwe ini, na mweleze daktari dawa nyingine unazomeza na kama unapiga pombe, ulanzi au komoni, sana, usifiche.

Mtu akikupa vidonge vya ketokonazoli kwa ajili ya kucha vikatae. Shampuu na krimu yake hazina shida, kidonge ndo tatizo, 2013 Ulaya walipendekeza kiondolewe sokoni na Marekani wakakibana kwa sababu ya kuharibu ini. Bado nakutana na cheti chake mara moja moja.

Na ukipona kucha ukarudi kwenye gambuti lile lile umefanya kazi bure.

#23 Mkinga Orijino
Sawa nimewasikia kuhusu betri. Sasa hilo la viatu ndo lenyewe. Mtu wa Makete au Isyonje atakaushaje gambuti mwezi wa saba na ukungu unafika sebuleni?

#24 Viazi Mviringo
Mkinga nikueleze ninavyofanya. Nimenunua gambuti jozi ya pili, zinapokezana, leo hizi kesho zile. Jioni nazijaza magazeti yaliyokunjwa, asubuhi yameloa nayatoa. Zisikae jikoni karibu na moto zinapasuka, naziegesha ukuta wa nje wa jiko zimeangalia chini. Soksi za pamba, jozi tatu kila siku, saa sita nabadilisha shambani, vijana wananicheka eti bosi ana soksi za lanchi. Soksi na chupi zinafuliwa kwa maji ya moto yale ya kuunguza mkono, halafu chupi napiga pasi. Raba za mtumba za Sido nilizitupa, hizo ziliniuma kuliko zote, zilikuwa kali kweli. Na vidole nakausha kimoja kimoja na taulo la peke yake, taulo la mguu halipandi juu.

#25 Mnyalu Mzalendo
Nimeenda kuangalia tyubu yangu, kweli imeandikwa klobetasoli. Na sasa nikivua shati kuna kitu kwenye kwapa nilikuwa nakiona kama joto tu. Haya, Nesi, shelfu la chini ulisema?

#26 Nesi wa Zamu
Shelfu la chini, kaka. Na umwonyeshe mtu hicho kitu cha kwapa kabla hujapaka chochote, maana steroidi inabadilisha sura ya baka, mtu anaweza asilitambue.

#27 Viazi Mviringo
Mrejesho mfupi. Nimeanza vidonge vya kucha juzi, ini liko sawa. Famasi kanishauri nikwaruze kamstari kadogo na tupa pale kucha safi inapoanzia ili nione inavyosogea. Nimekwaruza. Tuonane viazi vya msimu ujao vikitoka.

#28 Bodaboda Ilomba
Wakuu leo asubuhi nimevaa soksi kwanza. Wife kaamka kanikuta chumbani na soksi tupu akaniuliza unasafiri?